Diwani Amelala

Binti yangu Kwamboka alimleta katika katoni ya maziwa
kutoka kwa jamaa wa Dandora aliyemuuliza,
"Wa kufuga ama wa sufuria?"
Akalipa hadi nauli ya kurudia,
akaja kwa miguu mpaka Kariobangi.

Tulimpa jina wiki ya pili. Diwani:
kikaoni yumo, macho wazi,
na wala hayupo.

Mimi ni soja wa godauni, Barabara ya Lunga Lunga.
Nalipwa nisilale.
Saa kumi na mbili asubuhi navua buti mlangoni,
naye anazunguka stuli, anatafuna mabua ya sukuma.
Mke wangu keshatoka na beseni la mandazi,
Kwamboka anafunga kamba za viatu.
Kisha jua linapanda juu ya mabati,
ploti inanyamaza,
tunabaki wawili, wanaume wa mchana.

Mwanzoni nilimhurumia.
Kila nikigeuka kitandani, jicho lile jeusi,
duara kama kifungo cha koti, linanitazama.
Nikasema ni mgonjwa. Nikasema labda ana deni.
Kwamboka akacheka: "Baba, achana na jicho. Tazama pua."

Basi nikatazama pua.
Inacheza, inacheza,
cherehani ya fundi aliyechelewesha sare za shule.
Saa nne hivi, miguu ameikunja chini ya tumbo
kama boflo iliyosahaulika kwenye rafu,
cherehani inapunguza mwendo.
Mshono. Mshono mwingine.
Kimya.
Jicho li wazi bado, ila mwenyewe katoka,
ameacha taa ikiwaka wezi wadhani yumo.

Hila hiyo naijua.
Miaka kumi na mmoja getini nimelala vivyo hivyo,
rungu magotini, kofia sawa, uso barabarani,
na mkaguzi Mugendi akimulika tochi:
"Uko macho, Nyakundi?"
"Niko, bosi."
Nami nilikuwa Nyamira, nachuma chai na mama.

Usingizi wa mang'amung'amu,
unaokatwa vipande kama nyama ya shilingi hamsini:
dakika kumi hapa, robo saa pale,
sikio moja likiachwa nje lilinde.
Jirani akibamiza mlango, Diwani hupiga sakafu
kwa mguu wa nyuma, du!
nami nimeshashika rungu lisilokuwapo.

Ikawa Alhamisi moja ya mwezi wa saba,
baridi ya kuuma magoti.
Diwani alisimama katikati ya chumba, akatazama ukuta,
akaanguka ubavu, pu!
kama gunia lililokatwa kamba.
Miguu imenyooka. Tumbo jeupe nje. Macho yamefumba.
Nilishuka kitandani na shuka kiunoni,
nikaita jina lake, nikawaza
nitamwambia nini mtoto, na ile katoni iko wapi.

Ndipo mdomo ukatafuna hewa.
Unyayo ukapiga teke dogo.
Sikio likatetema kama jani lililotuliwa na nzi.
Anaota!
Anakimbilia wapi,
huyu aliyezaliwa ndani ya kizimba cha waya?

Jioni Kwamboka, akimenya viazi, bila kuinua uso:
"Akijitupa hivyo, Baba, amekuzoea. Anajua humdhuru."
Nikasema, "Aa."
Nikaenda kutafuta soksi zangu.

Kesho yake, saa nne, nilitandika gunia sakafuni karibu naye.
Tangu usiku ule walipovunja godauni
na kunifunga kwa waya wa simu,
sijawahi kuupa mlango mgongo.
Niliupa.
Nilisikia meno yake yakisagana polepole,
sauti ya mtu anayesugua punje mbili za mahindi kiganjani,
na baada ya hapo sina habari.

Tuliamka saa tisa.
Yeye alitangulia, nadhani.
Kamba ya buti la kushoto ilikuwa imeliwa yote.